Kabla hujatoa laki tisa kwa ajili ya kiboksi cha sauti

Huku Mwanza tupo, upepo wa ziwa unapiga kama kawaida na sangara bado anapatikana kwa anayejua kupatana bei.

Toleo lililopita niligusia habari ya mume na mke kugombea rimoti. Meseji zilizomiminika baada ya hapo zinaonyesha kuwa wengi wenu rimoti mlishaachana nayo siku nyingi. Mnagombea sauti. Mmoja anataka muziki usikike kama bendi ipo sebuleni, mwenzake anauliza pesa imekwenda wapi. Na kuna neno limejirudia katika meseji hizo mpaka nikaamua liwe mada yetu leo: DAC. Mimi naita daki, na kwa kuwa safu ni yangu, leo wote tutaita daki.

Daki ni nini? Muziki ulioko kwenye simu, flashi au CD siyo sauti, ni tarakimu. Wakati wa kurekodi, mashine ilipima wimbi la sauti mara nyingi mno kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Spika yako haijui namba. Inachojua ni umeme unaopanda na kushuka ili iweze kutikisika. Hapo katikati lazima awepo mkalimani wa kugeuza namba kuwa umeme, na huyo ndiye daki. Kazi yake ni hiyo tu. Haongezi besi wala hamfundishi mwimbaji kuimba.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Daki tayari unayo. Kila kifaa cha dijitali kinachotoa sauti kina daki ndani yake: simu, laptopu, televisheni, redio ya gari yenye tundu la flashi, hata ile spika ya Bluetooth unayokwenda nayo ufukweni. Kwa hiyo usijiulize kama unahitaji daki. Jiulize kama unahitaji nyingine, ya nje, na iliyoko ndani inakukosesha nini hasa.

Muuzaji hapendi swali hilo. Yeye atakutajia namba. Hii ni biti 24, kaka, lakini hii hapa ni biti 32, kilohezi 768! Unaona kubwa ni bora, kama kamera za simu. Ngoja nikupe kipimo cha kumjibu. Sony walipoingiza sokoni Japani mashine yao ya kwanza ya CD, CDP-101, mnamo Oktoba 1982, mfumo waliotengeneza pamoja na Philips ulipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kilikuwa cha biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti. Namba hizo hazikuokotwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mpaka mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na umri ukisogea kiwango kinashuka. Hesabu zilizotokana na kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon zinasema ukipima wimbi zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaoutaka, umelipata lote, hujaacha kitu. Zidisha 20,000 mara mbili uone kama 44,100 haitoshi.

Na hayo hayakuishia kwenye makaratasi. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walisikiliza rekodi za ubora wa juu kuliko CD, halafu rekodi hizohizo zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Walifanya zaidi ya mara 550. Waliopatia walikuwa karibu nusu kabisa, sawa na kurusha shilingi. Kwa hiyo biti 32 na kilohezi 768 ni sawa na gari yenye spidomita ya 300 kwenye barabara ya Kitangiri saa kumi na moja jioni.

Sasa niwaambie yaliyotokea Bwiru.

Kuna rafiki yangu, yeye na mumewe ni waajiriwa wote, wana mtoto mmoja na kiwanja chenye msingi na kuta. Kimebaki kuezeka. Shemeji ni mpenzi wa muziki kweli kweli, ana amplifaya ya mtumba na spika mbili za mbao ambazo hata mimi nazionea wivu. Mwezi mmoja akaazimwa na mshkaji wake daki ya bei mbaya, ile ya boksi la chuma lenye taa ya bluu. Akakaa nayo wiki moja. Mshkaji akasema anaiuza, laki tisa, na kwa sababu ni wewe, lipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Rafiki yangu akanipigia simu usiku. "Dada," aliniambia, "hizo ni bati zetu. Na akishasema neno 'uwekezaji' najua tayari ameshaamua."

Mimi nikamwambia asibishane naye juu ya pesa, kwa sababu kwenye pesa kila mtu ana hoja. Tubishane juu ya masikio. Jumamosi nikafika na kanga yangu moja pamoja na kile kiadapta kidogo cha waya cha Apple, cha USB-C upande mmoja na tundu la eafoni upande wa pili. Wengi hamjui, lakini ndani ya kile kiadapta kuna daki nzima. Kilipotoka mwaka 2018 kiliuzwa dola 9 huko Marekani. Laki tisa ishindane na dola tisa, nilipenda hata namna namba zilivyolingana.

Shemeji alicheka. "Shemeji, hicho ni cha watoto," alisema. Nikamwambia sawa, basi itakuwa rahisi kwako.

Tulichofanya unaweza kukifanya hata wewe, nyumbani, bila fundi. Vifaa vyote viwili vikachomekwa kwenye laptopu moja na amplifaya moja. Nikaweka simu yenye programu ya kupima kelele pale kwenye kochi anapokaa, tukasawazisha ukubwa wa sauti mpaka vikalingana. Usiruke hatua hii hata kidogo, maana sikio la binadamu likipewa sauti iliyo juu kidogo tu huiita "safi zaidi", na wauzaji wanalijua hilo tangu zamani. Kisha kanga ikafungwa machoni. Mkewe ndiye aliyekaa kwenye mitambo. Kila raundi alimsikilizisha zote mbili akimtajia, "hii ya kwako, hii ya dada," halafu akarusha sarafu na kumpigia moja bila kutaja. Aseme ni ipi. Raundi 16. Mwenye kubahatisha tu atapata kama 8, na kupata 12 au zaidi kwa bahati ni jambo la chini ya mara 4 katika 100. Tukakubaliana kabla ya kuanza: ukifika 12, mimi mwenyewe namshawishi mkeo atoe pesa.

Alichagua nyimbo mwenyewe, moja ya Mlimani Park anayoijua mpaka pumzi za mwimbaji, nyingine ya kizazi kipya yenye besi nzito. Alipata 9.

Sebule ilikuwa kimya kidogo. Mtoto ndiye aliyeuliza kama baba ameshinda.

Lakini ngoja, usimcheke, kwa sababu shemeji alikuwa na hoja ambayo sisi wanawake hatukuisikiliza vizuri. Alisema kabla ya kuazimwa ile daki alikuwa anachomeka waya moja kwa moja kwenye tundu la eafoni la laptopu, na ile wiki aliyokaa na boksi aliona tofauti kubwa kabisa. Tukajaribu hilo pia, tundu la laptopu dhidi ya boksi. Alipata 16 kati ya 16, na hata mimi bila kanga ningepata. Tundu lile lilikuwa na mchirizo wa kelele nyuma ya muziki, na kila kipanya kiliposogezwa kulisikika mlio mwembamba, wiii, kama mbu aliyenaswa kwenye neti. Hakuwa anajidanganya. Tofauti ilikuwepo, ila ilikuwa kati ya daki mbovu na daki yoyote nzuri, na kuiondoa hakuhitaji laki tisa.

Kwa nini laptopu ilipiga kelele? Ndani yake kuna mambo mengi yanayowaka na kuzima kwa kasi, na daki iliyobanwa pale katikati hudaka takataka za umeme za majirani zake. Kazi kubwa ya daki ya nje, kwa maoni yangu, ni kuhama hiyo nyumba ya kelele. Kiadapta cha waya kilitosha kabisa. Boksi likarudishwa kwa mwenyewe Jumatatu.

Kitu kimoja kuhusu kile kiadapta: kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka ndogo, kwa hiyo mwenye Android aazime na kujaribu kabla ya kununua. Kuna viadapta vingine vya USB-C ambavyo havina daki ndani, ni waya mtupu. Simu ikiwa haitoi sauti ya kawaida kupitia tundu lake la chaja, kiadapta cha namna hiyo kitabaki bubu. Muulize muuzaji, na akikuambia "zote sawa tu", mwambie akujaribie palepale dukani kwa simu yako na eafoni yako.

Je, kuna wanaohitaji zaidi ya hapo? Wapo. Kama una hedifoni kubwa, zile za kufunika masikio zinazohitaji nguvu kuzisukuma, tafuta daki yenye amplifaya ya hedifoni ndani yake. Kampuni kama FiiO na Topping za China zinatengeneza hizo kwa bei ambazo si za kuuza kiwanja. Lakini hapo unalipia nguvu, siyo ukalimani, na ujue hivyo.

Wenye spika za Bluetooth, na mko wengi maana Mwanza hii kila gari la kwenda ufukweni lina moja, ninyi leo pumzikeni. Simu inapotuma muziki kwa Bluetooth inatuma namba, na anayezigeuza ni daki iliyoko ndani ya spika yenyewe. Kuchomeka daki nyingine kwenye simu hakutabadilisha kitu. Msomaji mmoja aliniandikia amenunua na haoni tofauti. Masikio yako ni mazima, mpendwa.

Halafu kuna jambo la muziki wenyewe. Wimbo wa dakika nne kwa kiwango kamili cha CD ni kama megabaiti 42. Ukibanwa kwa FLAC, mfumo usiotupa kitu, unaweza kushuka mpaka 25 hivi. MP3 ya chini, kilobiti 128, ni megabaiti 4 tu, na tofauti hiyo imepatikana kwa kutupa sehemu ya sauti. Halafu wewe wimbo umeutoa YouTube, umegeuzwa kuwa MP3, umetumwa WhatsApp kwa watu saba, mmoja wao ameugeuza tena. Daki itafasiri kwa uaminifu mkubwa kilichobaki. Kama una pesa kidogo ya kutumia kwenye sauti mwaka huu, tumia kwanza kwenye mafaili mazuri au bando la kusikilizia huduma yenye ubora, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini (sijasema mimi), ndiyo ufikirie vifaa.

Wapenzi wa zilipendwa nawaomba subira zaidi. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa kwenye kanda za reli katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kabla CD haijafika sokoni. Uvumi wa kanda unaousikia nyuma ya gitaa lake umo kwenye rekodi. Hakuna daki ya kuuondoa, na daki nzuri inaweza hata kukuonyesha vizuri zaidi ulipo. Mimi binafsi naupenda. Lakini kama umeambiwa ununue kifaa fulani ili Mbaraka asikike kama amerekodiwa jana, funga pochi.

Turudi Bwiru kidogo, kwa sababu baada ya mtoto kulala rafiki yangu alisema jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Alisema bati zilimuuma, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni hedifoni. Tangu shemeji aanze kusikiliza na laptopu usiku, saa tatu anavaa hedifoni na kuvua saa sita. "Naongea nawe mpaka naona naongea na ukuta," alimwambia mbele yangu. Shemeji akajibu kwamba alivaa ili asiwaamshe, na kwamba kwenye spika palikuwa na ile kelele iliyokuwa inamkera. Kumbe! Miezi yote hiyo yeye anaona anawahurumia, mwenzake anaona amefungiwa mlango. Na kelele yenyewe ndiyo ile ya tundu la laptopu.

Sasa laptopu imeunganishwa kwa kiadapta kwenye amplifaya, spika zinapigwa kwa sauti ya chini mpaka saa nne na nusu, na mwenye zamu ya kuchagua nyimbo hubadilika. Rafiki yangu ananiambia zamu yake ni kwaya na taarab kwa makusudi kabisa.

Tulipokuwa tumekaa pale niliona jambo jingine. Sebule ya marumaru, kuta tupu, dari ya jipsamu. Ukipiga kofi moja unasikia matatu. Wakatandika zulia na kutundika mapazia mazito yaliyokuwa yamekunjwa kabatini, na hapo hata mtoto alisema redio imebadilika. Zulia halina biti, lakini lilileta tofauti ambayo boksi la laki tisa lilishindwa kuileta.

Nimalizie na wale wa televisheni, maana meseji zenu ni nyingi na jibu lenu ni fupi. Televisheni nyingi za kisasa hazina tena matundu ya kutolea sauti ya waya mwekundu na mweupe. Nyuma kuna kitundu cha mraba kinachowaka taa nyekundu, hicho ni cha waya wa mwanga. Kama una amplifaya ya zamani na unataka taarifa ya habari na tamthilia zitoke kwenye spika, hapo daki ya nje huna ujanja, unaihitaji. Ile ndogo ya bei ya chini yenye tundu la mwanga upande huu na nyekundu-nyeupe upande ule inatosha. Ukishachomeka na kukuta kimya au mkwaruzo, usirudi dukani kugombana. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, sehemu ya sauti ya dijitali, uchague PCM. Mara nyingi kosa liko hapo.

Na ukisikia mngurumo mzito usiokwisha, mmmm, hata muziki ukiwa umezimwa, huo ni umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde umepata njia ya kuzunguka kati ya vifaa vyako. Chomoa chaja ya laptopu kwanza usikilize. Ukikatika, umempata mchawi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au tumia waya wa mwanga kama kifaa chako kinao, kwa sababu wenyewe hupitisha mwanga tu, umeme haupiti. Kuna fundi atakayekuambia dawa ni kukata waya wa ethi kwenye plagi. Kweli mngurumo unaweza kuisha, na siku boksi la chuma likipata hitilafu utakayeligusa ni wewe au mtoto. Mlipe nauli yake, mwambie aende.

Mwezi ujao ni spika: wapi pa kuziweka kwenye sebule ambayo mke ameshaipanga.